Sababu za Kiutendaji Ni Mimi

Ukiwa umekaa kwenye ukumbi wa kusubiria ndege, ukasikia sauti laini ya dada ikitangaza, "Tunaomba radhi, safari yenu itachelewa kutokana na sababu za kiutendaji," usimlaani rubani, wala usianze kunong'ona kwamba kuna mheshimiwa anasubiriwa. Hizo sababu za kiutendaji ni mimi. Niko chini huko, nimepiga magoti ndani ya tumbo la ndege, jasho linaniingia machoni, tochi nimeing'ata kwa meno, nagombana na boksi la televisheni ambalo limeingia nusu na limeapa kutoendelea.

Kazi yangu ni kuihudumia ndege ikiwa chini, pale uwanja wa Dar es Salaam. Tunaipokea, tunaiwekea kabari kwenye matairi isisogee, tunaipakua, tunaipakia, tunaisukuma kinyumenyume iende zake. Mtaani kwetu Kiwalani maelezo yote hayo hayatakiwi. "Yule yuko Airport," basi, wamemaliza. Kauli hiyo imeniletea hasara isiyo na fidia. Mama mwenye nyumba aliponiona kwa mara ya kwanza nimevaa rifleketa yenye maandishi mgongoni, kodi ilipanda kabla sijaivua. Kwenye vikao vya harusi kadi yangu ya mchango inaandikwa kiwango kimoja na cha mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikilalamikia bei ya nyanya gengeni, naambiwa, "Acha utani kaka, wewe mtu wa dola."

Dola gani? Mimi dola naiona kwenye matangazo ya bei ya tiketi. Kitambulisho changu cha uwanjani kinafungua milango michache, na yote inaelekea juani. Mjomba wangu wa Gongo la Mboto kila tukikutana msibani hunivuta pembeni aniulize Dubai kukoje. Mjomba, shikamoo, ninachokijua kuhusu Dubai ni uzito wake.

Kampuni iliyoniajiri siitaji. Mkataba wangu ni mfupi, na anayeamua kuuongeza au kutouongeza anasoma magazeti.

Turudi kwenye kuchelewa. Watu wa anga hawachelewi hivi hivi tu. Kila kuchelewa kuna namba yake, na namba hizo zinafahamika dunia nzima. Hali mbaya ya hewa kwenye uwanja wa kuondokea ni 71. Ndege kuchelewa kufika kutoka safari iliyotangulia ni 93. Kupakia na kupakua mizigo ni 32. Sasa tazama uonevu ulivyojificha humo. Mvua ikinyesha, hakuna anayemwita 71 ofisini aandike barua ya kujieleza. Huyo 93 yeye ametokea Addis Ababa au Nairobi, ukimtafuta ameshaondoka. Lakini 32 ana jina, ana namba ya kitambulisho, na supavaiza anajua anapokaa na anajua anapanda daladala gani.

Na kwa mzaha wa aliyepanga mambo, 32 ni namba yangu mara mbili. Mashirika mengi ya ndege hayapokei begi moja la abiria linalozidi kilo 32, hata ukilipia kwa dhahabu. Abiria wengi wanadhani ni ubahili, au kwamba ndege itashindwa kuruka. Ndege aina ya Boeing 787 inaweza kuondoka na uzito unaozidi tani 220, haiwezi kuzirai kwa ajili ya mchele wako wa Kyela. Kikomo hicho kiliwekwa kwa sababu ya mtu anayelinyanyua begi. Yaani kuna wazungu walikaa kikao, wakanywa kahawa, wakakifikiria kiuno changu. Ndiyo heshima pekee ambayo kiuno hiki kimewahi kupewa na dunia, na kila siku kaunta wanaiuza kwa bei ya tabasamu.

Maana huko juu ndiko mambo yanakoharibikia. Tiketi ya kawaida mara nyingi inakupa kilo 23 kwa begi, nyingine 30. Abiria anaijua namba hiyo vizuri kabisa. Ameiona kwenye tiketi, amekumbushwa na mtoto wake kwa simu. Lakini anaichukulia kuwa ni bei ya kuanzia, ya kupatana. Nimewahi kusimama karibu na kaunta nikashuhudia biashara yenyewe ikifanyika.

"Shikamoo mama. Begi limezidi kilo sita."

"Marahaba mwanangu. Sita? Hapana, hao ni dagaa tu. Tena wakavu, hawana hata maji."

"Ndiyo mama, lakini mizani ndiyo inasema."

"Mizani yenu ina hila. Nimelipima nyumbani kwenye mizani ya binti yangu, ilisema ishirini na mbili."

Binti yuko kwenye dayati. Mizani yake ameshairekebisha mwenyewe mpaka ikawa inamwambia anachopenda kusikia.

"Mama, itabidi upunguze au ulipie."

"Nipunguze nini mwanangu? Hiki ni kisamvu cha mjukuu. Yule kule Minnesota anakula majani ya kwenye friji. Wewe ungekuwa mwanangu ungekubali?"

Dada anatazama foleni. Foleni inamtazama dada. Nyuma yupo mzee amebeba kinu. "Haya mama, safari hii tu." Begi linabandikwa kibandiko cha kuonya kwamba ni zito, linasukumwa kwenye mkanda. Mama ametoa baraka, dada amepumua, foleni imesogea, huruma imetendeka. Na kilo sita je? Zimeyeyuka? Hazikuyeyuka. Zimeteremka na mkanda, zimekata kona, zimepita chini ya mashine ya ukaguzi, zikanikuta mimi nimesimama mwishoni na glovu zilizotoboka kidole gumba. Sijawahi kuombwa ruhusa. Hakuna anayechungulia kwenye lile tundu la mkanda aseme, "Kaka, unaonaje, tumruhusu?"

Na si dagaa peke yake. Mtanzania anayehamia ughaibuni habebi nguo, nguo atazikuta huko. Anabeba jikoni. Nimepandisha unga wa dona, karanga, tui la unga, viungo vya pilau, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi na kile kinu. Huo mti mgumu unaenda Toronto kutwanga kitunguu swaumu ambacho kule kinauzwa kimeshasagwa. Anayerudi naye hakuachi salama. Wafanyabiashara wanaotoka Guangzhou na Dubai hufunga mablanketi kwa ustadi ambao ungetumika kwenye ujenzi wa madaraja, tungekuwa mbali. Begi lenyewe ni shangazi kaja, limejaa mpaka mistari yake imenyooka, limezungushiwa mkanda wa gundi na kamba, na mkono wa kushikia umekatika tangu uwanja ule mwingine. Unalishika wapi? Unalikumbatia. Nimekumbatia mizigo ya Kariakoo kuliko nilivyowakumbatia ndugu zangu.

Mtu akisikia haya husema, "Si mna mitambo?" Mitambo ipo. Kwenye ndege kubwa mizigo hupangwa kwenye makontena ya alumini, yakapandishwa na mashine, yakaviringika yenyewe juu ya roli, na wewe ukajiona mhandisi. Boeing 737 haina hadithi hiyo. Mkanda unakufikishia begi mlangoni, kuanzia hapo ni wewe, magoti yako na Mungu wako. Mle ndani mtu mzima hasimami. Unatambaa, unapokea, unageuka, unarusha, samahani, unaweka, unapanga mpaka juu, unafunga wavu. Ndege imekaa juani, joto la mle ndani halina jina. Mwezi wa pili zege la maegesho huhifadhi jua la saa sita mchana likaendelea kulitoa hadi saa mbili usiku, kwa hiyo hata zamu ya usiku inapikwa na jua lililokwisha kuzama.

Kuna na ATR, zile za mapangaboi, ambazo abiria hupandia mlango wa nyuma. Hizo tunaziwekea mguu wa chuma chini ya mkia wakati wa kupakia, maana uzito ukirundikana nyuma ndege inaweza kukaa kitako, pua ikatazama mawinguni. Kila nikiuweka ule mguu namkumbuka mama wa dagaa na baraka zake.

Ndogo zaidi ya hizo ni zile Cessna Caravan za kwenda Zanzibar, Mafia na mbugani, ambazo hazina siasa. Kilo 15, begi laini, na mara nyingine abiria mwenyewe anapanda mizani ili rubani ajue nani akae wapi. Huko ndiko nilikoona haki ikitendeka duniani. Waheshimiwa wanapanda mizani, maharusi wanapanda mizani. Nilimwona bibi harusi mmoja wa fungate akikataa katakata kupanda mbele ya mumewe. Mume akaambiwa ageuke. Akageuka. Bibi harusi akapanda, akashuka, akamwomba kijana wa mizani aandike bila kutamka. Ningekuwa na mamlaka, utaratibu huo ningeuleta kwenye ndege kubwa kesho asubuhi.

Halafu kuna vibandiko vya picha ya glasi, vile vya kusema mzigo ni wa kuvunjika. Zamani vilikuwa na maana. Siku hizi kila mtu anaomba abandikiwe. Blanketi lina glasi. Viatu vina glasi. Ndoo ya samaki waliogandishwa, ambayo ukiipiga ukutani utaujenga ukuta upya, ina glasi pande nne. Kitu kinachovunjika kweli, seti ya vikombe vya kahawa kutoka Muscat, kimefungwa ndani ya gazeti kwenye mfuko wa plastiki, hakina kibandiko, na mwenyewe anategemea dua.

Kuhusu kurusha mabegi, naomba niseme jambo. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Kanada anayeitwa Dave Carroll alikuwa ndani ya ndege pale Chicago, abiria mwenzake akachungulia dirishani akaona wapakiaji wanarusha magitaa. Lake likavunjika. Akadai fidia miezi na miezi, shirika likakataa, na mwaka 2009 akatunga wimbo akauweka YouTube ukatazamwa na mamilioni ya watu. Shirika likaaibika, yeye akawa maarufu. Mimi wale jamaa wa Chicago siwajui, hatujawahi kusalimiana, lakini deni lao nalilipa mpaka leo. Kila dirisha la ndege sasa lina simu. Nikiinua kichwa naona macho sita na kamera nne. Basi begi la mwenye simu nalipokea kwa mikono miwili, nalilaza kwenye mkanda kama mtoto anayetolewa arobaini. Akiishusha simu, basi tena. Muda wa kuondoka ni muda wa kuondoka.

Wanaochungulia dirishani ndio hao hao wanaoniona mvivu. Ndege ikishasimama, wao wameshafungua mikanda, wamesimama, wameinamisha shingo chini ya makabati, mikoba begani. Wanatutazama tumesimama mbali, hatusogei. "Waone, wanapiga stori." Hatupigi stori. Tunasubiri injini zizimwe na ile taa nyekundu inayomulika mwilini mwa ndege iache kuwaka. Injini ya ndege haitoi onyo mara mbili. Inavuta kilicho mbele yake, na kofia ya mtu ikiingia, mwenye kofia anatakiwa asiwe ameishikilia. Masika nako ni vilevile. Radi ikianza kupiga karibu tunaondolewa kwenye uwazi, tunajibanza, na ndani ya ndege mtu anasema Watanzania hatupendi kazi.

Kazi nyingine wasiyoielewa ni ile ya kutembea kwa mstari, vichwa chini, tukiokota takataka kwenye maegesho. Hiyo siilalamikii kwa kelele, kwa sababu najua ilikotoka. Julai 2000 huko Ufaransa, Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege iliyoitangulia, tairi likapasuka, ndege ikaanguka, watu 113 wakafa. Kwa hiyo naokota. Kinachoniudhi ni ninachokiokota. Ni magurudumu ya mabegi. Begi la bei ya chini lililotengenezwa kubeba mashati mawili limeshindiliwa kilo 31, limetua chini mara moja, gurudumu limesema kwaheri. Nalifuata mbio kwenye zege huku upepo unalisaidia kukimbia. Jioni mwenye begi ataandika malalamiko kwamba wapakiaji wamemvunjia gurudumu.

Kuna gari la choo pia. Sitalieleza kwa kirefu, huenda mtu anasoma huku anakula. Linakuja chini ya ndege, linaunganishwa mpira, linanyonya, linarudishia maji ya samawati. Anayelihudumia haruhusiwi kugusa gari la maji ya kunywa, na hiyo ni kanuni nzuri kupita zote tulizonazo. Mwenzetu mmoja wa gari hilo ni kijana msafi, anajipulizia marashi kabla na baada, lakini ukimpa mkono utaona anajua kwamba umesita.

Mahujaji nawaheshimu, naomba nisieleweke vibaya. Wanaporudi, kila mmoja anakuja na dumu lake la lita tano la maji ya zamzam, na mizigo inakuwa ya maji matupu. Kuna dumu kifuniko chake kililegea juu yangu, likaniloanisha kuanzia kiunoni kwenda chini. Mzee wa zamu akasema, "Dogo, hiyo ni baraka." Nikamwambia mzee wangu, baraka ingeanzia juu kidogo, kwenye uti wa mgongo, ndiko kwenye tatizo.

Kazi ya kwenye maegesho ikipoa huwa napelekwa upande wa abiria kusukuma viti vya magurudumu. Huko wenzangu wanapenda kucheka wale kina mama wanaoombewa kiti na watoto wao walioko London au Birmingham ilhali miguu yao mizima. Mimi siwacheki. Kiti hakiombwi kwa ajili ya miguu, kinaombwa kwa ajili ya Doha. Uwanja ni mkubwa, mabango ni Kiarabu na Kiingereza, mama hajawahi kubadilisha ndege maishani, na saa za kuunganisha ni chache. Akiwa kwenye kiti atakuwepo mtu wa kumsukuma mpaka mlango wenyewe. Ni akili nzuri, nami ningemwombea mama yangu hivyohivyo. Ugomvi wangu unaanza anaporudi. Namtoa mlangoni, mkoba wa kilo kumi na mbili mapajani, ananiongoza: "Baba, pita hapa, simama kidogo nimsalimie yule, endelea." Tunafika kwenye milango ya kutokea. Anawaona wajukuu. Mgonjwa wangu anaruka, anakimbia, vigelegele, na mimi nabaki na kiti kitupu, mkoba, khanga na kiatu kimoja, namtafuta ndani ya halaiki ya watu waliokuja na Noah tatu kumpokea mtu mmoja.

Lakini mateso yote haya nayaweka upande mmoja. Upande wa pili naweka begi jeusi.

Abiria akikabidhi mzigo kisha asipande ndege, mzigo wake lazima ushushwe. Sheria hii ina damu. Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuliwa juu ya Lockerbie, Uskoti, kwa bomu lililokuwa ndani ya sanduku ambalo mwenyewe hakuwemo ndegeni, na watu 270 wakafa. Sheria basi siigusi. Ninayemgusa ni yule mwenye mzigo, ambaye si mhalifu wa aina yoyote. Yuko dukani ananusa manukato. Yuko kwenye simu anaagana na mtu wa saba. Amelala kwenye viti, kofia usoni. Ameitwa kwa jina mara nne, na dada wa matangazo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, amelitamka kwa namna ambayo hata mama yake mzazi asingeitika.

Muda unakwisha, redio inaniita: shusha begi la abiria fulani. Karatasi inasema liko chumba cha nyuma. Karatasi haisemi liko chini ya mabegi mangapi. Nauliza, "Linafananaje?" Najibiwa, "Jeusi." Jamani. Watengenezaji wa mabegi wana rangi zote za upinde wa mvua, na nchi nzima imekubaliana nyeusi kwa sababu haionyeshi uchafu. Wajanja wakagundua kwamba mabegi yanafanana, wakaamua kufunga kitambaa chekundu kwenye mkono wa begi ili lijulikane. Wazo zuri sana, hadi kila mjanja alipolipata. Sasa nina chumba kizima cha mabegi meusi yenye vitambaa vyekundu, natambaa nimeshika tochi, nasoma vibandiko kimoja baada ya kingine. Nikilipata, limeshushwa, mlango umefungwa, ndiyo abiria anatokea anakimbia, mfuko wa manukato mkononi, anasema hakusikia. Anaonewa huruma. Anapandishwa. Begi linarudi ndani. Fomu inaandikwa 32.

Vile vibandiko navyo vina mitego. Dar es Salaam ni DAR, Dakar ilikuwa DKR hadi 2017, Dhaka ni DAC. Wapo abiria waliokata tiketi Marekani wakitaka kwenda Dakar wakajikuta wanapelekwa Dhaka, kwa sababu ya herufi hizo tu. Watu wazima, wenye macho na elimu. Begi la Senegali likitua hapa kwetu Dar es Salaam watu wananitazama mimi.

Pamoja na hayo, kuna dakika moja abiria wote hunipenda. Ndege ikishasukumwa nyuma, mimi niliyevaa hedseti huchomoa pini yenye utepe mwekundu kwenye gurudumu la mbele, husogea pembeni, huiinua juu ili rubani aione na kujua usukani wa gurudumu uko huru, kisha hupunga mkono. Kila abiria wa dirishani hudhani anapungiwa yeye. Watoto wanapunga, kina mama wanapunga, mtalii anarekodi ukarimu wa Kiafrika. Sina moyo wa kuwaambia kwamba namwonyesha rubani kipande cha chuma. Nawapungia na wao. Kilo zao zinaondoka, ni haki tuagane vizuri.

Juzi nilikuwa nimejiandaa kwa dakika hiyo, ndege ya Muscat imebakiza mlango mmoja, simu ikatetemeka mfukoni. Shemeji yangu, mke wa kaka, alikuwa anasafiri kwenda kwa dada yake.

"Shem, upo zamu?"

"Nipo, shem. Umeshapanda?"

"Nimekaa dirishani, nakuona. Punga basi." Nikapunga. "Yule dada wa kaunta ni mtu mzuri sana, nimemtajia jina lako."

"Jina langu la nini?"

"Begi lilizidi kidogo. Nikamwambia mpakiaji mwenyewe ni shemeji yangu, hawezi kujali."

Nilinyamaza, kwa sababu ni mke wa kaka.

"Sasa shem, sikia. Hapa wametangaza kwamba pawabenki haitakiwi kwenye mizigo ya chini, eti betri zake zinaweza kushika moto, lazima uwe nayo huku juu. Ni kweli?"

"Ni kweli kabisa."

"Yangu iko chini."

"Shem!"

"Nimeshamwambia mhudumu, amesema mtalishusha. Usinune, lipo tu hapo karibu, hutapata shida."

"Linafananaje?"

"Jeusi. Nimelifunga kitambaa chekundu makusudi, ili ulijue."